Mwanamke wa Riwaya Analala Wapi?

Mwaka 1971 Tanzania ilipata maandishi mawili kuhusu msichana. La kwanza ni riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyekuwa bado hajatimiza miaka thelathini. La pili ni Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka huohuo. Maandishi haya hayakuandikwa kwa kujibizana, na sidhani kama waliotunga moja walilifahamu jingine. Hata hivyo, kila ninapoyasoma kwa pamoja huona kwamba yanazungumzia jambo moja: msichana anapoanza kupenda, ni nani mwenye kauli juu ya maisha yake?

Sheria ilijibu kwa vifungu. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18 na umri wa kuolewa kwa msichana kuwa miaka 15. Kifungu cha 17 kilisema kwamba msichana ambaye hajatimiza miaka 18 ataolewa kwa ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, mama. Na hao wasipokuwepo, mlezi. Riwaya ilijibu kwa maisha ya mtu. Ilimchukua binti wa baba mlevi katika kijiji cha Namagondo, ikampeleka shule ya wasichana Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na mwishoni ikamwacha akijiua. Sheria ikaingia katika juzuu za nchi. Riwaya ikapigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani, kwa madai kwamba ingewaharibu vijana.

Katika makala haya ninataka kutetea dai moja. Wanawake wa riwaya zetu wanaotafuta penzi, utambulisho na uhuru huanguka kwa sababu wanapenda wakiwa hawana mahali pa kusimama. Kupenda kwenyewe si kosa lao. Ukitaka kuielewa hatima ya mhusika wa kike katika fasihi ya Kiswahili, anza na maswali matatu ya kawaida kabisa: usiku huu analala wapi? Chakula anachokula kimetoka kwa nani? Na ni nani anayetia saini kwa niaba yake? Majibu yake yatakufikisha mbali kuliko hukumu yoyote ya tabia. Na sisi tunaoishi Dodoma, mji ambao Bunge linakutana na wizara zinaandika kanuni, tuna sababu ya pekee ya kuyauliza.

Visanduku tulivyofundishwa

Kila mwaka napokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka kidato cha sita wakiwa wamesoma riwaya na tamthiliya za Kiswahili kwa bidii. Ukiwauliza habari ya mwanamke katika kitabu fulani, wengi hutoa orodha waliyoikariri: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia, mwanamke amechorwa kama kiumbe dhaifu, mwanamke amechorwa kama mwanamapinduzi. Kila kipengele kina mfano wake, na kila mfano una alama zake. Siwalaumu. Ndivyo maswali ya mtihani yalivyoulizwa kwa miaka mingi, na ndivyo vitabu vya mwongozo vilivyopangwa.

Tatizo la orodha hiyo ni kwamba inamsimamisha mwanamke kama sanamu katika jumba la makumbusho. Inaeleza ni kitu gani, bila kueleza alifikaje hapo. Rosa anawekwa kwenye kisanduku cha chombo cha starehe; Regina, mama yake, anawekwa kwenye kisanduku cha mlezi. Kisha linafuata funzo: wasichana wajihadhari na tamaa, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwanafunzi anapata alama zake anaondoka. Amejifunza kuhukumu kabla hajajifunza kuuliza.

Mwanafunzi huyu baadaye huwa mwalimu wa nidhamu, ofisa ustawi wa jamii, hakimu wa mahakama ya mwanzo, ofisa mtendaji wa kata. Binti wa miaka 16 atakaposimama mbele ya meza yake akiwa mjamzito, kisanduku kitakuwa tayari kinamsubiri.

Rosa na barua

Tumrudie Rosa kwa yale maswali matatu. Kitu cha kwanza kinachomjeruhi katika riwaya ni barua. Kijana Charles amemwandikia. Baba yake, Zakaria, anaigundua, na binti anapigwa kipigo kisichosahaulika. Tangu siku hiyo anajifunza kuwaogopa wanaume. Shuleni anakuwa mwanafunzi mtulivu asiyejua namna ya kuzungumza na mvulana, na wenzake wanamcheka kwa hilo. Anapoamua kujaribu dunia, anamkuta Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye mshahara na cheo.

Tuangalie mpangilio wa matukio. Kijana wa rika lake, aliyekuja kwa barua, amefukuzwa kwa fimbo. Mtu mzima mwenye cheo amekuja kwa njia nyingine na hakuna fimbo iliyomfikia. Malezi ya woga yalimzuia Rosa asikutane na penzi ambalo angeweza kulipima, yakamwacha mikononi mwa lile ambalo hakuwa na uwezo wa kulikataa. Chuoni Morogoro mambo yanakuwa mabaya zaidi, na miongoni mwa wanaume wanaohusiana naye yumo hata mkuu wa chuo. Kezilahabi aliliandika jambo hili miaka 36 kabla ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo katika kifungu cha 25 inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa huduma, ajira au upendeleo. Sisi tunaofundisha vyuoni tuna wajibu wa kukisoma kifungu hicho sambamba na riwaya. Mamlaka ya kutoa maksi ni mamlaka, na mtu aliye chini ya mamlaka hayo hana usawa wa kusema ndiyo wala hapana.

Mwishoni Charles anarejea. Penzi la barua lina nafasi ya pili. Lakini anapoujua mwenendo wa nyuma wa Rosa anamkataa, na Rosa anayakatisha maisha yake. Hapa wasomaji wengi humlaumu Rosa, na wachache humlaumu Charles. Mimi naona tujiulize swali jingine. Rosa amesoma, ni mwalimu, ana cheti. Kwa nini kukataliwa na mwanamume mmoja kuwe sawa na kufutwa duniani? Ni kwa sababu katika maisha yake yote thamani yake imekuwa ikithibitishwa na mtu mwingine: baba, bwana mwenye cheo, mkuu, mchumba. Alipewa elimu ya darasani, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kuwa mtu kamili hata kama hakuna mwanamume aliyetia saini.

Maimuna na mlango

Said Ahmed Mohamed alichapisha Utengano mwaka 1980. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi na Bi Tamima, amelelewa ndani ya nyumba ya kitajiri ambayo mlango wake haufunguki kwa ajili yake. Maksuudi ni mtu wa siasa na heshima mbele ya watu, na ndani ya nyumba ni mtawala asiyehojiwa. Kosa la Tamima na Maimuna ni dogo mno: kizuizi kimevunjwa, binti ametoka nje. Mama anaachwa, na binti anakimbia.

Mwandishi anatuonyesha kitu ambacho walezi wengi hawapendi kukisikia. Msichana aliyefungiwa hakufundishwa njia. Hajui bei ya chakula, hajui nani wa kuaminiwa, hajui pa kwenda usiku unapoingia. Anafikia danguroni kwa Mama Jeni na katika maisha ya pombe na vilabu. Wapo watakaosema kwamba mlango ulipofunguka ndipo maafa yalipoanza, hivyo ungebaki umefungwa. Riwaya inasema kinyume chake. Maafa yalianza siku mlango ulipofungwa, kwa sababu kila mlango utafunguka siku moja, kwa talaka, kwa kifo au kwa njaa, na atakayetoka atakuwa na ujuzi uleule aliokuwa nao alipokuwa ndani.

Maimuna habaki kule alikoangukia. Anarudi na kuolewa na Kabi. Nafurahi kwamba hafi. Hata hivyo lazima tuseme wazi kwamba kati ya Rosa anayekufa na Maimuna anayeolewa, waandishi wetu walikuwa wamebakiza njia mbili tu za kumaliza habari ya mwanamke: kaburi au harusi. Kuishi kwake mwenyewe, akiwa na chumba, kazi na jina lake, halikuwa hitimisho linalofikirika kwa urahisi. Riwaya ziliakisi mipaka ya jamii iliyozizaa.

Yasmin na chumba cha Mwajuma

Mwaka 1999 Shafi Adam Shafi akatupatia Vuta N'kuvute, riwaya ya Unguja ya miaka ya 1950, ambayo mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya kuwa filamu. Yasmin, binti mdogo wa jamii ya Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza anayemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa. Mpaka hapo habari yake inafanana sana na ya Maimuna, na msomaji aliyezoea riwaya zetu anaanza kuhofia danguro au kaburi.

Linalobadilisha mkondo ni Mwajuma. Mwajuma ni mwanamke wa Ng'ambo, maskini, mpenda taarabu na mwenye ulimi mwepesi. Hana mali ya kumpa Yasmin. Ana chumba. Anamfungulia, wanagawana kilichopo, na maisha yanaendelea. Kwa kuwa ana mahali pa kulala ambapo hakuna mwanamume anayedai malipo, Yasmin anapata nafasi ya kufanya jambo ambalo Rosa na Maimuna hawakuliweza: anamtazama mwanamume, anampima na kuamua. Anampenda Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa kikoloni, akijua hatari iliyopo. Penzi lao halina mwisho wa raha, na hatimaye Yasmin anaolewa na Bukheti. Ni kweli kwamba hata hapa kuna ndoa. Lakini njia aliyopita ni yake. Amependa, amepoteza, amezaa, amechagua tena. Hakuna wakati ambapo kumpoteza mwanamume kulimaanisha kupoteza paa.

Kwa maoni yangu Mwajuma ni mmoja wa wahusika muhimu zaidi katika riwaya ya Kiswahili, na ni nadra kuulizwa kwenye mtihani. Hawekeki kwenye kisanduku chochote. Mtahini atamwita mhusika msaidizi. Mimi nasema amefanya kazi ambayo taifa zima lilipaswa kuifanya: amempa msichana anayekimbia ndoa asiyoitaka muda wa kufikiri.

Kalamu ya nani?

Msomaji makini atakuwa ameshaona kwamba riwaya zote tatu zimeandikwa na wanaume. Hoja hii ni ya haki na haina budi kujibiwa. Waandishi hawa walimwonea mwanamke huruma ya kweli, lakini huruma humtazama mtu kutoka nje. Mwanamke aliyeandika kutoka ndani alikuwapo pia, ila tulimsoma kwa uchache. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro, si mbali na uwanda wetu huu, alichapisha tamthiliya ya Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982. Katika Nguzo Mama, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kusimamisha nguzo moja kubwa. Majina yao ni namba: Bi Moja, Bi Pili na kuendelea. Kila mmoja ana mzigo wake wa mume, njaa, ulevi, mirathi au biashara ndogo, na mizigo hiyo inawavuta mbalimbali. Nguzo haisimami.

Tofauti yake na riwaya tulizozitaja ni kubwa. Muhando hajali sana kama mwanamke ataolewa au hataolewa mwishoni. Anauliza kwa nini wanawake wenyewe, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kweli, wanashindwa kushika kamba kwa pamoja. Hakuishia kwenye jukwaa la maonyesho. Mwaka 1996, yeye na Amandina Lihamba katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme, ambao ulitumia sanaa za maonyesho kuwawezesha wasichana wa sekondari kuyasema matatizo yao wenyewe na kuyatafutia ufumbuzi. Mpango huo baadaye ulisambaa katika nchi nyingine za Afrika. Jina lake linatosha kuwa hoja: Tuseme. Hawakuuita Tuwasemee.

Kuna sababu ya msisitizo huo. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya mwaka 2020, binti yatima Afiya anapigwa mpaka mkono unavunjika kwa sababu amegundulika anajua kuandika. Bibi Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alieleza humo jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri katika Unguja ya utoto wake, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Rosa alipigwa kwa barua aliyoandikiwa. Afiya alipigwa kwa uwezo wa kuandika. Wenye mamlaka ya nyumba walijua tangu zamani kwamba binti anayesoma anaweza kutii, lakini binti anayeandika anaweza kumwita mtu aje kumtoa. Na ndivyo Afiya alivyofanya: kikaratasi chake ndicho kilichomwokoa.

Kutoka riwayani hadi Dodoma

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaweza kusema kwamba fasihi ni fasihi na kanuni ni kanuni. Naomba anivumilie kidogo.

Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo na kutoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka huo uliisha bila marekebisho, na mjadala ukaendelea kuzunguka kati ya mila, dini na takwimu. Katika mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Tazama sasa sheria hizi mbili zikiwa zimesimama pamoja. Msichana wa miaka 15 aliye darasani analindwa kwa kifungo cha miaka 30. Mwenzake wa umri uleule, aliyeacha shule kwa kukosa sare au kwa kuchunga mbuzi, analindwa na ridhaa ya baba yake. Ulinzi wa mwili wake unategemea daftari la mahudhurio.

Na hata daftari hilo lilikuwa likifutwa kwa urahisi. Kwa miaka mingi ujauzito ulikuwa tiketi ya kuondoka shuleni moja kwa moja. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na waliouhangaikia wanastahili pongezi. Lakini ruhusa ya kurejea ni mlango uliofunguliwa tu. Maimuna ametufundisha kwamba mlango pekee hautoshi. Mama huyo wa miaka 17 anayerudi kidato cha pili, mtoto anamwachia nani? Shule ya kata iko kilomita ngapi? Akipanga chumba karibu na shule, analipa kodi kwa fedha ya nani, na mwenye fedha hiyo anadai nini usiku?

Maswali haya yana uzito wa pekee katika uwanda wa kati. Vijiji vya Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa vinategemea mvua za msimu mmoja, na mvua hizo hazina ahadi. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo, alieleza jinsi mahari ya ng'ombe inavyounganisha koo na kujenga udugu. Sina nia ya kuudharau mfumo huo. Umewasitiri watu katika miaka mibaya. Lakini katika mwaka wa njaa, uwiano kati ya binti na zizi unaweza kubadilika upesi, na kauli ya binti huwa ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Njia nyingine iliyo wazi kwake ni kwenda mjini kuwa dada wa kazi. Wengi wetu tumelelewa na mabinti hao, na wengi wetu tumewaajiri. Wanalala katika nyumba zetu, wanakula mezani mwetu au jikoni mwetu, na wengi hawana mkataba. Uliza yale maswali matatu juu yao na utaona kwamba wanategemea mtu mmoja kwa yote matatu. Siku mwajiri akikasirika, analala wapi?

Katika rafu zetu kuna msichana wa Ukerewe, msichana wa visiwani na msichana wa Mombasa. Binti wa uwanda huu hajapata riwaya inayomstahili. Si kwa kukosa sauti. Miongoni mwa Wagogo, ngoma za muheme hupigwa na wanawake, zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, na mdundo wao hauombi radhi kwa mtu. Jamii inayomkabidhi mwanamke ngoma haiwezi kudai kwamba haijawahi kumsikia.

Uhuru una gharama, na gharama hupangiwa bajeti

Kuna watakaoniambia kwamba nimelishusha penzi hadi kwenye kodi ya chumba. Watasema moyo haupimwi kwa shilingi, na kwamba wapo wanawake wenye mishahara mizuri wanaonyanyaswa hadi leo. Ni kweli. Fedha haimfanyi mtu apendwe, wala cheo hakimkingi na upweke. Dai langu ni dogo kuliko hilo. Nasema kwamba bila mahali pa kusimama, mtu hawezi kujua kama anapenda au anajihifadhi. Msichana anayemkubali mwanamume kwa sababu mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita hajachagua penzi, amechagua paa. Tukitaka mapenzi ya kweli katika nchi hii, kwanza tuyatenganishe na paa.

Sheria zetu zinajua jambo hili zinapotaka. Sheria ileile ya Ndoa ya 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake, na ilitamka kwamba hakuna mwenza aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilitambua haki sawa ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi. Wakati huohuo, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 bado linamweka binti nyuma ya kaka zake katika urithi wa baba. Tumempa mwanamke haki ya kununua shamba, tukamnyima sehemu sawa ya lile alilolima tangu utotoni.

Kwa hiyo nina maombi matatu, kwa makundi matatu ya wasomaji wa ukurasa huu.

Ninyi mnaoandaa kanuni na bajeti katika ofisi za mji huu: mnapoandika waraka unaomhusu msichana, ongezeni mstari mmoja unaojibu analala wapi. Bweni moja katika shule ya kata linaweza kufanya kazi ambayo mikutano kumi ya uhamasishaji haiwezi. Mikopo ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya wanawake imfikie pia binti wa miaka 18 anayeacha kazi za ndani na kutaka kuanza mama lishe, ambaye hana kikundi wala mdhamini.

Ninyi wanaharakati: nyumba salama ni chache kuliko semina. Mwajuma hakutoa semina. Watafuteni akina Mwajuma waliopo mitaani, Chang'ombe, Nkuhungu na kwingineko, wanawake wanaowafungulia wenzao milango usiku bila kuandikwa mahali popote, mkawape nguvu bila kuwageuza kuwa maofisa wa mradi.

Nanyi wanafunzi: acheni kuniandikia kwamba mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Niandikieni nani alimchora, nani alilipia wino, na yeye mwenyewe alikuwa anataka kwenda wapi kabla njia haijafungwa. Na kama miongoni mwenu yumo binti wa Mvumi, Kibaigwa au Kondoa mwenye daftari lililojaa maneno ambayo hajamwonyesha mtu, basi asingoje mwanaume mwingine aje amwandikie. Kezilahabi alikuwa na miaka ishirini na kitu alipomwandika Rosa. Huo ndio umri wenu. Andikeni msichana anayependa, anayekosea, anayefukuzwa, anayepanga chumba chenye bati linalovuja, na ambaye ukurasa wa mwisho unamkuta bado yu hai, hajaolewa au ameolewa kwa hiari yake, na ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake.